Mbio za Barabarani: Adhabu Ianzie Wapi?

Kila usiku wa Idi masikio yetu huyajua yatakayoyasikia. Vijana hutoa pikipiki na magari, hufungua eksozi ili zingurume, na barabara ile ile tuliyopita asubuhi kwenda kuswali hugeuka uwanja wa mashindano. Kunapokucha, wengi wetu husema neno moja: adhabu iongezwe. Juma hili tumeona tulipime neno hilo. Je, ni haki? Na je, litafaa?

Kipo kisa kilichozishughulisha mahakama za Ujerumani kwa miaka kadhaa. Februari 2016, baada ya saa sita usiku, wanaume wawili walishindana kwa magari katika barabara ya Kurfürstendamm, mjini Berlin. Walipita taa nyekundu, na mwendo ukafika kilomita 160 kwa saa. Kwenye makutano ya barabara, mmoja wao aligonga gari la mzee wa miaka 69 aliyekuwa akipita kwa taa ya kijani. Mzee yule alifia pale pale.

Mwaka 2017 wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua kwa kukusudia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ikaitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kusudi lilielezwa kuwa lilipatikana walipoingia makutanoni, wakati ambapo hawakuweza tena kuizuia ajali. Kesi ikasikilizwa upya. Mwishowe aliyegonga alibaki na kifungo cha maisha, hukumu iliyothibitishwa mwaka 2020, na mwenzake akahukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 13 kwa jaribio la kuua.

Swali lililowasumbua mahakimu wale si geni kwetu. Wanafikihi wengi wamekugawa kuua katika daraja tatu: kwa makusudi, kwa kinachofanana na makusudi, na kwa makosa, Imamu Malik hakuikubali daraja ya kati. Wote walikuwa wakitafuta jambo moja, nalo ni uzito wa nia. Nasi twasema kwamba aliyeteleza kwa bahati mbaya hawi sawa na aliyeichagua hatari, akaitafuta na kuifurahia. Adhabu kali kwa aliyeua katika mbio si dhuluma.

Hata hivyo, kisa kile kilifichua kasoro nyingine. Wakati huo, aliyeshiriki mbio kama zile Ujerumani bila kumdhuru mtu alitozwa faini ya euro 400 na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Lau mzee yule angechelewa sekunde chache tu kufika makutanoni, kitendo kile kile kingeweza kuishia hapo. Oktoba 2017 sheria ikabadilishwa: kushiriki tu kukawa jinai, kifungo chake hadi miaka 2, kukitokea kifo, hadi miaka 10, na gari laweza kutaifishwa. Hapo ndipo tunapoiona haki, kwamba adhabu isingoje jeneza.

Na je, ukali huo unafaa? Mbio hazikwisha Berlin. Kijana wa miaka ishirini, saa nane za usiku, marafiki wakimshangilia, hahesabu miaka ya jela. Hujiuliza tu kama atakamatwa. Sote twaijua tochi ya trafiki. Madereva hupeana ishara za taa, mwendo hushuka hadi hamsini, na tochi ikishaachwa nyuma, mguu hurudi pale pale ulipokuwa. Kinachomtia dereva adabu ni uhakika wa kukutwa, kuliko ukubwa wa faini. Sheria ya miaka kumi isiyo na askari barabarani usiku wa Idi ni maandishi tu.

Jambo la pili analoliogopa kijana ni kupokonywa chombo. Huko Dubai, kwa amri ya mwaka 2023, gari lililokamatwa katika mbio zisizo na kibali cha polisi halitolewi mpaka zilipwe dirham 100,000. Ukali huo una nguvu, lakini una mwanya wa dhuluma: tajiri hulipa akarudi barabarani. Na kwetu, pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Pengine ni ya mjane aliyeinunua kwa mkopo, akampa kijana ili amletee hesabu jioni. Ikitaifishwa, ameadhibiwa aliyekuwa amelala kwake. Kwa hiyo na iulizwe kwanza: mwenye chombo alijua? Hata Ujerumani, gari la mtu mwingine huweza kutaifishwa endapo mwenyewe amechangia kosa, japo kwa uzembe mkubwa.

Tusisahau pia kwamba hamu ya kushindana si dhambi. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi Madina: waliozoezwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiozoezwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Mwanzo ulijulikana, mwisho ulijulikana, na wanyama hawakuchanganywa. Halmashauri zetu nazo zaweza kutenga uwanja na saa, kukawa na waangalizi na kofia ngumu, ili atakayezikimbilia barabara za watu asiwe na udhuru.

Tumebaki sisi wazazi. Twajua kijana wetu anatoka saa sita usiku. Tumemsikia akishika ufunguo. Tukamwambia tu, "Uwe mwangalifu, mwanangu," tukageukia upande wa pili wa mto. Twachelea kumnunisha siku ya furaha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na safari hii huenda akalia pia mama wa mtoto mwingine, ambaye hakushindana na mtu.

Basi tuwadai wakuu wetu sheria inayomkamata mshindani kabla hajaua, na askari wa kuisimamia usiku. Na usiku wa Idi ijayo, kabla hatujalala, tuutazame msumari ukutani tunapotundika ufunguo. Ukiwa haupo, tuamke tuuulizie.