Usiuze machozi kwenye insha ya chuo

Watahiniwa wamalizapo mtihani wa KCSE mwezi wa Novemba, wapo wazazi ambao huanza kuulizia vyuo vya Marekani. Muda huwa mfupi, kwani vyuo vingi hufunga maombi mapema Januari. Vyeti hutafutwa, pasipoti huombwa. Kisha kijana hufika kwenye insha, na hapo kalamu hukwama.

Si ajabu. Katika karatasi ya Insha ya Kiswahili mtahiniwa hupewa maswali manne, la kwanza likiwa la lazima. Akikutana na methali husuka kisa, hata kiwe cha kubuni, akapata alama. Fomu ya Common Application, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, haitaki hivyo. Hutoa mada saba, na mojawapo humwachia mwombaji uhuru wa kuandika apendalo, mradi maneno yawe kati ya 250 na 650. Anayesoma anataka kujua jambo moja tu: huyu anayebisha hodi ni nani?

Hapo ndipo wengi hupotoka. Jirani humnong'oneza kijana kwamba Wazungu hupenda kuona huruma, basi aandike njaa na mauti. Mwenye baba aliye hai humzika karatasini! Mbali na kuwa uongo, jambo hilo lina hatari. Vyuo vingi huitisha pia barua ya mwalimu na taarifa ya shule. Habari zikikinzana, ombi zima huingia doa.

Je, aliyefiwa kweli? Hana haja ya kuficha, wala halazimiki kusema. Msiba ni wa nyumba nzima, si nauli ya ndege. Akiamua kuuandika, asikomee kwenye kilio. Aeleze alifanya nini siku zilizofuata, na mawazo yake yalibadilika vipi.

Mada nzuri aghalabu huwa ndogo. Tuseme ni msichana wa Kayole anayemtunzia mama yake daftari la madeni kibandani. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani hupitia njia ya nyuma ili asidaiwe, na nani apewe unga hata kama hana cha kulipa. Hesabu, busara na utu vyote vimo humo.

Kipimo ni hiki: futa jina lako, uandike la mwenzako wa darasani. Ikiwa insha ingali kweli, tafuta mada nyingine.

Nanyi wazazi, msimchagulie mtoto mada, wala msimlipe mtu amwandikie. Keti naye jioni, umkumbushe alivyokuwa akifungua redio ili aone anayesema ndani, au siku alipokataa katakata kufuata wenzake. Kumbukumbu ni zenu nyote. Kuandika ni kwake.