Unayoambiwa Dukani Kuhusu Kamera za Ulinzi

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo jijini Dar es Salaam, au ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi, kamera za ulinzi huuzwa kwa seti: kamera nne, mashine ya kurekodi, waya, adapta, na maneno. Kamera za siku hizi zinaridhisha. Maneno ndiyo yenye kasoro, na mengi utayasikia pia kwa jirani, kwa fundi na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Karibu yote hulikwepa swali moja: siku tukio likitokea, unataka picha ikujibu nini? Wakala wa pesa anataka uso wa mteja na noti zilizowekwa mezani. Mwenye nyumba anataka kujua nani aliruka ukuta na saa ngapi. Mwenye stoo ya nafaka anataka kuhesabu magunia yaliyopakiwa. Hao ni watu watatu wenye mahitaji matatu, na wote huondoka dukani na boksi lilelile.

Dai la kwanza husemwa kwa uhakika mkubwa: ukifunga kamera, wezi hawaji. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Eric Piza walichapisha mapitio ya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za ulinzi. Kwa jumla uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 palipofungwa kamera, na mafanikio makubwa yalionekana kwenye maegesho ya magari. Kwenye uhalifu wa kutumia nguvu hawakuona athari ya maana. Tafiti hizo zilihusu zaidi maeneo ya wazi ya miji ya Ulaya na Marekani, kwa hiyo sitazihamishia Manzese kama zilivyo, lakini mwelekeo wake unaingia akilini. Kibaka anayenyemelea kioo cha gari ana muda wa kuangalia juu na kughairi. Anayekuja na panga, amefunika uso, ameshakata shauri. Ndiyo maana fedha ya kwanza iende kwenye komeo, nondo za dirisha na taa ya nje, kisha kamera. Hizo kamera za bandia zenye kitaa chekundu kinachopepesa hazistahili hata aya yake: siku ya tukio huna chochote.

"Chukua yenye megapikseli nyingi, utaona kila kitu." Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi inapopotelea. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 hakiulizi kamera ina pikseli ngapi kwa jumla. Kinauliza pikseli ngapi zinaangukia kwenye kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Kwa toleo lake la 2014, pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Ukifika 125, unaweza kumtambua mtu unayemfahamu. Ili kumthibitisha mtu usiyemjua, uso kwa uso, unahitaji 250.

Sasa chukua kamera ya kawaida ya megapikseli 2, yenye pikseli 1,920 kwa upana, na lenzi ya milimita 2.8 ambayo ndiyo hujaa kwenye seti za bei nafuu. Lenzi hiyo hutazama pana sana, zaidi ya nyuzi 100. Umbali wa mita 10, upana unaoonekana ni kama mita 24, na kila mita inaambulia pikseli 80. Utaona mtu amevaa shati, ameingia, ametoka. Uso wake ni ukungu. Uso unaothibitika unaupata ndani ya mita 3 tu. Muuzaji atakushauri upande hadi megapikseli 8, na umbali huo utaongezeka hadi kama mita 6: pikseli zimekuwa mara nne, umbali mara mbili tu. Lakini kamera ileile ya megapikseli 2 ikivikwa lenzi ya milimita 6 itafika kama mita 8, kwa bei karibu ileile ya mwanzo. Gharama yake ni kwamba inaona eneo jembamba, na eneo jembamba ndilo unalolitaka mlangoni, getini na kwenye droo ya pesa. Kwa hiyo ukiwa na kamera nne, moja iwe ya kutazama eneo zima, zilizobaki ziwe za kukamata sura pale ambapo kila mtu lazima apite.

Halafu kuna urefu. Mafundi wengi huipachika kamera chini ya paa, mita 4 juu, ili isiibwe. Mtu akiwa mita 3 kutoka ukutani, kamera hiyo humtazama kutoka juu kwa karibu nyuzi 40, na utakachorekodi ni kofia. Ishushe hadi mita 2.4 au hivyo, pembe inabaki nyuzi 15 na sura inaonekana. Ukiogopa itang'olewa, nyingine iitazame hiyo ya chini. Na fremu ya duka inayotazama mashariki ina adha yake: asubuhi jua liko nyuma ya mteja, naye anaingia akiwa kivuli cheusi. Dawa ni kamera yenye WDR ya kweli, yaani uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, au kuigeuza impige mteja akiwa ameshafika kaunta.

Boksi likiandikwa kwamba infraredi inafika mita 30 usiku, amini kwamba mwanga unafika. Picha ni habari nyingine. Buibui hujenga kwenye kamera, na utando mmoja mbele ya lenzi, ukipigwa na mwanga huo, huwaka mweupe na kufunika kila kitu. Kamera iliyobanwa kando ya ukuta mweupe au bati jipya hujipofusha kwa mwanga wake yenyewe, na iliyowekwa ndani ikitazama nje kupitia kioo cha dirisha hurekodi kioo. Kuna pia jambo ambalo polisi na majirani hulisahau: kwenye infraredi rangi hazipo, na nguo nyeusi za aina fulani hutoka nyeupe. Shati jeupe la mwizi wa saa tisa usiku huenda lilikuwa jeusi. Taa ya kawaida ya wati 10 juu ya mlango husaidia kuliko unavyodhani.

Wapo wanaokwambia ununue za Wi-Fi, eti hazina waya. Waya wa umeme zinao, isipokuwa za betri au sola, nazo nyingi hulala hadi ziguswe na mwendo, zikakosa sekunde za mwanzo. Kwa chumba kimoja au kibanda cha kupanga, sina ugomvi nazo. Ila fahamu kwamba kumbukumbu iko kwenye kadi ndani ya kamera, na mwizi akiing'oa ameondoka na ushahidi wake. Suluhisho linalotajwa ni kupandisha kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Piga hesabu: mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde, saa 24, ni takriban GB 21.6 kwa siku, karibu GB 650 kwa mwezi, kwa kamera moja. Hakuna bando la simu litakalovumilia. Tumia mtandao kwa vipande vya matukio na kuchungulia ukiwa mbali. Kurekodi kubaki nyumbani, kwenye mashine iliyofungiwa kabatini au juu ya dari, mahali pasipoonekana na mgeni.

Umeme ukikatika? "Weka UPS, imeisha hiyo." Kamera nne usiku hula wati 20 hivi, mashine ya kurekodi na diski yake 15, rauta 10. Jumla 45. UPS ndogo ya dukani kwa kawaida ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani Wh 84 kwenye karatasi. Ikiwa mpya, itakupa kama saa moja na zaidi kidogo. Baada ya miaka miwili ya kukatikiwa umeme kila wiki, itakupa dakika chache. Aliyepitia mgao wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023, au usiku wa Agosti 25 mwaka huo Kenya karibu nzima ilipoingia gizani, anajua saa moja si kitu. Betri ya Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itavusha usiku. Kamera nyingi na mashine nyingi za kurekodi hutumia volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo fundi anayejua kazi anaweza kuziunga kwenye betri, yenye chaja na fyuzi zake, bila kupoteza nguvu kwenye inveta. Giza ndilo linalosubiriwa na mwizi. Mfumo unaozimika pamoja na taa za mtaa unafanya kazi saa usizouhitaji.

"Diski ya TB 1 inatunza mwezi mzima." Kamera nne za megapikseli 2, kila moja ikirekodi megabiti 4 kwa sekunde bila kusimama, huijaza kwa siku zisizofika 6. Ukibadilisha mfumo wa kubana picha kuwa H.265 na kushusha hadi megabiti 2, unapata siku 11 hivi. Duka ambalo hesabu ya stoo hufanywa mwisho wa mwezi litagundua upungufu wakati picha zimeshafutika zamani. Kurekodi kwa mwendo tu kunarefusha siku, ingawa mti unaoyumba au barabara yenye bodaboda hufanya "mwendo" uwe saa 24. Amua kwanza unahitaji siku ngapi, ndipo ununue diski, na iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kazi ya ulinzi. Diski iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu hufa kimya kimya, na utajua siku unapoihitaji.

Kuhusu waya sitasema mengi: waya wa mtandao ulio wa alumini iliyopakwa shaba ni rahisi, unapoteza umeme njiani na hukatika kwenye kona. Kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao, umbali wa mwisho ni mita 100, tena kwa shaba tupu. Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla hujalipa. Ndani ikiwa nyeupe, urudishe.

Dai linaloniudhi zaidi ni hili: "Nani atahangaika na kamera ya duka langu?" Hakuna anayehangaika na wewe, programu ndiyo inayopita kila anwani ya intaneti ikigonga milango. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia kamera na mashine za kurekodi kwa wingi kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, orodha ya kama 60 hivi. Oktoba 21 mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyohudumia anwani za tovuti nyingi, na Twitter, Netflix na huduma nyingine zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua. Machi 2021 wadukuzi walipata nywila ya akaunti ya msimamizi mkuu ya kampuni ya kamera ya Verkada na kuchungulia kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali na magereza. Kwa hiyo: badilisha nywila siku ileile, usimruhusu fundi afungue milango ya rauta kuelekea intaneti kwa sababu ni njia ya mkato, na sasisha programu ya mashine. Zaidi ya hayo, fundi akimaliza, akaunti kuu iwe kwa namba yako na barua pepe yako. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini wengi hutumia nywila moja kwa wateja wote, na anayeijua ya dukani kwa jirani anaijua ya chumbani kwako.

Wengine husema mali ni yao, watarekodi wapendavyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Sura ya mtu ni taarifa yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza sehemu moja ya starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini. Picha hiyo haikutoka kwenye kamera ya ulinzi, lakini anayerusha video ya "mwizi wetu huyu hapa" kwenye makundi ajiulize itakuwaje ikithibitika kwamba siye. Bandika tangazo mlangoni, geuza kamera isitazame uani kwa jirani, na chumba cha dada wa kazi kiache. Huko hakuna hoja ya ulinzi.

La mwisho: "Picha ipo, kesi imeisha." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 18, huitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, kutunzwa na kulindwa isibadilishwe. Kenya hudai hati ya uthibitisho chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Video uliyoirekodi kwa simu kutoka kwenye skrini, ikapita mikono sita ya WhatsApp, inaanza safari hiyo ikichechemea. Na saa! Mashine nyingi hufika zikiwa na saa ya China, tano mbele yetu. Ongeza kwamba shahidi anasema saa nane usiku wakati skrini inasema 02:00, na asiyeandika maelezo kwa makini atazalisha nyakati tatu za tukio moja. Weka GMT+3, iruhusu mashine ichukue saa kutoka mtandaoni, kisha kila mwezi ilinganishe na simu yako.

Siku ya kukabidhiwa kazi, usikubali kuonyeshwa picha za moja kwa moja tu, maana hizo kila mfumo unazo. Mwambie fundi atafute jana saa moja na nusu jioni, akuonyeshe mtu aliyeingia mlangoni, anakili kipande hicho kwenye flashi, kisha kichezwe kwenye kompyuta nyingine. Halafu zima swichi kuu mtazame nini kinabaki kinawaka. Asipoweza, baki na nusu ya malipo mpaka aweze.