JE, WAJUA? TRENI ISIYOGUSA RELI

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Hata hivyo, bado ina magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma, kama gari moshi lililopita kwenye reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa mwaka 1905.

Lakini je, wajua kwamba zipo treni ambazo hazigusi reli? Hizo huelea kwa nguvu ya sumaku.

Chukua sumaku mbili kutoka kwenye spika za redio mbovu. Ziweke zitazamane. Zitavutana mpaka zigandane. Sasa geuza moja. Zitasukumana. Ukizidi kuzisogeza, zinazidi kukataa. Nguvu kama hiyo, ila kubwa sana, inaweza kuinua behewa zima pamoja na watu wake. Kisha sumaku za umeme zilizopangwa njiani huivuta treni mbele. Kwa kuwa hakuna gurudumu linalosuguana na reli, mwendo huwa mkali.

Huko Japani, tarehe 21 Aprili 2015, treni ya namna hiyo ilifikia kilomita 603 kwa saa katika majaribio. Huelea sentimita 10 hivi, sawa na upana wa kiganja. Inapoondoka hutumia kwanza magurudumu ya mpira, kama ndege. Mjini Shanghai, China, treni ya sumaku hupeleka abiria uwanja wa ndege, safari ya kilomita 30.

Basi kwa nini hazijaenea? Gharama. Njia yake ni ya pekee, tena ghali mno. Mabehewa ya kawaida hayawezi kupita humo. Reli yetu hupitisha abiria na mizigo pia, na mkulima wa mahindi wa Kongwa anahitaji mizigo ifike kuliko anavyohitaji kuelea.

Tena hata mwendo wa treni yetu si mchezo. Kilomita 160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde. Mchungaji akihesabu moja, mbili, tatu, treni imekwisha pita mita 130. Wala haingurumi kama ile ya zamani, kwa hiyo usingoje kuisikia. Usikate uzio. Peleka ng'ombe kwenye vivuko vilivyojengwa chini ya reli. Nyaya zilizo juu zina umeme wa volti 25,000. Watoto wasizirushie kitu.