MAONI: Kabla ya kujisifu unajua Django, soma kwanza daftari la chama

Desemba moja nilijipata nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kina mama 23, laptopu mapajani, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mmoja wao alikuwa ametoka ushago asubuhi na mapema kuja kuchukua akiba yake ya mwaka. Alikuwa amechanga Sh200 kila wiki kwa wiki 40 kabla ya kuhama, yaani Sh8,000. Mfumo niliowatengenezea ulisema hajawahi kuwa mwanachama. Si eti akiba yake ilikuwa sifuri. Jina lenyewe halikuwepo.

Macho yote yakamgeukia mweka hazina. Huku mtaani pesa zikipotea hakuna anayeshuku kompyuta, wanashuku aliyeshika mfuko. Na mimi niliyejua tatizo liko wapi nilikuwa nimenyamaza, nabonyeza-bonyeza kama mtu anayetafuta mtandao.

Nawasimulia haya kwa sababu kila mara vijana wenzangu wananiuliza swali moja: "Buda, nianze na Django ama Laravel?" Nadhani ni swali zuri ambalo linaulizwa mapema sana.

Kwa asiyejua, Django na Laravel ni fremuwaki. Ni programu zilizoandikwa tayari ili usijenge tovuti kutoka sifuri. Ni kama fundi kuletewa milango, madirisha na mabomba yaliyokatwa kabisa. Kazi inayobaki ni kuamua vyumba vitakaa wapi na nani ataishi humo. Tovuti yoyote inayokumbuka kitu kukuhusu, iwe ni ya kukata tiketi ya basi au ya kuangalia salio la Sacco, ina hifadhidata nyuma yake, na mara nyingi ina fremuwaki inayoiunganisha na ukurasa unaouona.

Sitawadanganya kwamba fremuwaki ni mbaya. Django inakuokoa na makosa ambayo yangekuaibisha. Nywila za watu haihifadhi jinsi zilivyo, inazisaga kwanza zisisomeke. Mtu akijaribu kuingiza amri za kuharibu hifadhidata kupitia kisanduku cha kuandika jina, inazichukulia kama maandishi tu, mradi utumie njia zake za kawaida. Juu ya hayo inakupa ukurasa wa usimamizi uliokamilika, ambapo unaweza kuongeza, kubadilisha na kufuta chochote bila kuandika msimbo mwingi.

Ukurasa huo ndio ulioniponza.

Yule mama alipohama mwezi wa kumi, katibu wa chama aliniambia, "Mtoe huyo kwa orodha, hayuko tena." Nikafungua ukurasa wa usimamizi, nikachagua jina, nikabonyeza kufuta. Django haikufuta kimya kimya. Iliniletea orodha ndefu ya michango yote 40 ambayo ingepotea pamoja naye, ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, jinsi sote tunavyokubali masharti ya programu za simu bila kusoma hata mstari mmoja.

Lakini kosa halikuanzia hapo. Lilianza miezi mingi nyuma, siku nilipoandika mstari unaounganisha mchango na mwanachama. Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017, Django inakulazimisha useme wazi: mwenye kitu akifutwa, vitu vyake vifanyweje? Swali hilo linaitwa on_delete. Ukijibu CASCADE, vyote vinamfuata kaburini. Ukijibu PROTECT, Django inakataa kumfuta mtu ambaye bado ana rekodi.

Mimi nilijibu CASCADE. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye somo la wanaoanza. Somo lile linakufundisha kutengeneza kura ya maoni yenye maswali na majibu ya kuchagua. Swali likifutwa, majibu yake yabaki ya nini? Pale CASCADE ni sawa kabisa. Kwenye chama ni kuchoma risiti za mtu kwa sababu amehama nyumba.

Yaani fremuwaki iliniuliza swali la maana kuhusu pesa za kina mama, na mimi nikanakili jibu la swali la mtu mwingine.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Wengi wetu hatujifunzi kutengeneza mifumo. Tunajifunza kufuata video. Mwezi huu Django, mwezi ujao Laravel, kisha mtu anakwambia vyote vimepitwa na wakati, unaanza upya. Mwishowe una miradi sita kwenye wasifu wako wa kazi, na yote ni orodha ya mambo ya kufanya leo. Hakuna hata mmoja ambao mtu atalia ukianguka.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na somo la hifadhidata ndilo lilikuwa limeanza. Mwalimu alitumia wiki mbili akichora vijisanduku na mishale ubaoni: mteja huyu, oda hizi, malipo haya. Niliona anatupotezea wakati. Nilipotoka nikajiambia YouTube na bando la usiku vitanitosha, nitawapiku waliobaki darasani. Kuandika msimbo nilijifunza, tena haraka. Vile vijisanduku ndivyo nilivyokuja kulipia mbele ya kina mama 23.

Wazo la kuweka data kwenye majedwali yanayohusiana lilitolewa mwaka wa 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM. Wazazi wa wengi wetu walikuwa hawajakutana. Fremuwaki ngapi zimekuja na kuondoka tangu hapo? Majedwali bado yapo. Kijana anayejua kupanga majedwali atahama kutoka Django hadi Laravel kwa wiki chache. Anayejua Django bila majedwali atarudia kosa lilelile katika lugha nyingine.

Na ukiangalia Django yenyewe ilivyozaliwa, utaona jambo. Haikuanzia kwenye darasa la kufundisha fremuwaki. Ilianzia kwenye gazeti. Mwaka wa 2003, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitengeneza tovuti za Lawrence Journal-World, gazeti la mji mdogo wa Kansas, Marekani. Habari hazingoji, na wanahabari walihitaji kuingiza kazi yao bila kumwita mtaalamu kila saa. Ndiyo sababu ule ukurasa wa usimamizi ukawepo. Vitu walivyojikuta wakivirudia kila siku wakavikusanya, na Julai 2005 vikatolewa kwa umma vikiwa na jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Kazi ilitangulia, fremuwaki ikafuata. Sisi tunafanya kinyume: tunabeba fremuwaki mgongoni tukizunguka kutafuta kazi ya kuipa.

Hapa nyumbani pia tuna mfano. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa 2007, kikundi cha wanablogu na waandishi wa programu, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza Ushahidi mapema 2008. Watu walituma taarifa za waliyoyashuhudia, zikawekwa kwenye ramani. Waliijenga kwa siku chache tu. Uzito wake haukuwa kwenye lugha ya programu. Ulikuwa kwenye kujua ni nini hasa kinachofaa kurekodiwa: nini kimetokea, wapi, na lini.

Sasa najua kuna atakayeniambia, "Wewe unaishi zamani, siku hizi akili unde inaandika yote." Ni kweli, itakuandikia mfumo wa chama kabla chai yako ipoe. Lakini haijawahi kuhudhuria mkutano wa chama chenu. Haijui kwamba kuna Mama Kevo wawili, mmoja wa ploti ya juu na mwingine wa karibu na bucha. Haijui kuwa faini ya kuchelewa husamehewa ukiwa umefiwa. Haijui kuwa mtu anaweza kuhama na bado anadai. Usipojua wewe, utaiambia nini?

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Usianze na video. Tafuta daftari.

Lipo karibu nawe. Ni la chama cha mamako, la madeni ya kibanda cha mboga, la mwenye ploti anayeandika kodi za nyumba, au la kocha anayeandika nani amelipa jezi. Omba uketi na mwenye daftari siku nzima. Usimfundishe chochote. Mwulize kwa nini ameandika hapa kwa kalamu nyekundu. Mwulize alama hii ina maana gani, na kwa nini ukurasa huu umekunjwa.

Kisha chora majedwali kwenye karatasi na ujiulize maswali machache. Mstari mmoja hapa unawakilisha nini: mtu, au malipo moja? Salio usiliandike kama nambari moja unayoibadilisha kila wiki. Andika kila mchango kwenye mstari wake, ujumlishe unapohitaji jumla. Mwalimu wako ni M-Pesa: kila muamala una nambari yake, na hata pesa uliyotuma kimakosa ikirudishwa, huo ni muamala mwingine wenye nambari yake.

Nambari ya simu je, ni nambari? Ihifadhi kama hesabu na ile sifuri ya mbele ya 07 itapotea. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hivyo ni maandishi. Pesa nazo usiziweke kwenye desimali za kawaida za kompyuta. Fungua Python uiulize 0.1 kujumlisha 0.2 ni ngapi, utaona vijisenti vya ajabu vimejitokeza mwishoni. Django ina safu maalumu ya desimali kamili kwa ajili ya hilo.

Halafu swali nililolikwepa: mtu akiondoka, inakuwaje? Mara nyingi jibu si kumfuta. Weka safu ya tarehe ya kuondoka, afichike kwenye orodha ya walioko, na historia yake ibaki.

La mwisho, je, unahitaji kweli kujua hilo unalouliza? Mimi nilikuwa nimeweka nambari za vitambulisho vya kina mama wote, kisa na maana kila fomu nchini Kenya huuliza kitambulisho. Hakuna hata siku moja tulipozitumia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ukusanye kile kinachohitajika kwa kazi uliyosema utaifanya. Hata bila sheria, laptopu yangu ingeibwa kwenye matatu, ningewaambia nini?

Baada ya hapo ndipo ufungue Django. Tena huhitaji pesa nyingi. Hifadhidata ya SQLite inakuja na Python, inakaa kwenye laptopu yako kama faili moja. Ukishapakua Django na maelezo yake, unaweza kufanya kazi usiku kucha bila bando. Ukimaliza, usiwaambie watu watupe daftari. Yaache yaende sambamba miezi kadhaa, na kila wiki ulinganishe jumla. Weka nakala ya hifadhidata mahali pengine, na ujaribu kuirejesha siku ambayo hakuna shida.

Hilo la daftari ndilo lililoniokoa. Siku ile ya Desemba, mweka hazina aliniangalia kwa muda, kisha akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa daftari la jalada gumu. Kumbe hakuwahi kuacha kuandika. Hakuniamini tangu mwanzo, na hakunificha: "Mimi na hizo mashine zenu, hapana." Akafungua ukurasa. Jina la yule mama lilikuwapo, limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, pembeni ameandika "amehamia nyumbani, anadai." Michango 40 yote ilisomeka. Sh8,000 zikahesabiwa pale pale.

Nilirudi nyumbani nikabadilisha CASCADE kuwa PROTECT, nikaongeza safu ya tarehe ya kuondoka, nikaingiza upya michango 40 mmoja mmoja. Kazi yenyewe ilichukua jioni moja. Kumwomba mweka hazina msamaha, mbele ya wenzake waliomtazama kama mwizi, kulinichukua hadi mkutano wa Januari.

Kwa hivyo Django ama Laravel? Chagua yoyote, zote ni nzuri na zote ni za bure. Lakini kabla hujanijibu umechagua ipi, niambie kwanza: umesoma daftari la nani?