Mugariga na Panya wa Maabara

Hata hapa Dodoma tunaambiwa kwamba mugariga, mti wa kikombe cha marehemu Babu wa Loliondo mwaka 2011, umekwisha kuthibitishwa na wataalamu. Kweli, mwaka 2006 watafiti wa Kenya walitangaza kwamba panya waliopewa dawa ya mti huo waliishi siku nyingi kuliko wenzao. Lakini panya wale waliambukizwa virusi vya hepesi, viletavyo malengelenge, si UKIMWI! Tena walipimiwa dawa kwa uzito wa mwili. Kule Samunge kikombe kilekile kilitolewa kwa kisukari, pumu na UKIMWI. Sisi wauguzi hatudharau miti. Tunalokataa ni mgonjwa kuacha dawa za kurefusha maisha, kwani virusi huzaliana tena ingawa anajiona mzima. Aliyeacha arudi kliniki kesho, hatutamgombeza.