Mkituita mji, tuambieni bei kwanza

Hapa Malinyi mtu akikuambia anakwenda mjini, humuulizi mji gani. Anakwenda Ifakara. Atapita Mtimbira, Itete na Lupiro, atavuka Daraja la Magufuli, na akijaliwa atarudi na mkanda wa mashine au dawa za mgonjwa wake. Kule Dar es Salaam, mkazi wa Mbagala naye anakwenda mjini, yaani Kariakoo au Posta, wakati kwetu sisi Mbagala yenyewe ni mjini tayari. Kwa midomo yetu mji ni pale unapopata usichokipata ulipo. Hatudanganyani.

Ila kuna mji wa midomo na mji wa serikali. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga, na mwenye mashine hula hasara akichanganya hiyo miwili.

Serikali ina ngazi zake: mji mdogo, mji, manispaa, jiji. Ifakara ina halmashauri ya mji, Morogoro ni manispaa, Dodoma ilitangazwa jiji Aprili 2018. Vichekesho viko Dar es Salaam. Februari 2021 halmashauri ya jiji ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Sinza au Temeke, kwa karatasi, hayumo jijini, yumo manispaa. Mwambie hivyo uone atakavyokutazama.

Watu wa Dar es Salaam wanaweza kucheka. Huku kwetu jina lina bei. Januari 2022, bei za zamani za kuunganisha umeme mijini ziliporudishwa, asiyehitaji nguzo mjini alitakiwa kulipa shilingi 320,960, na wa kijijini 27,000. Nyumba mbili za tofali za kuchoma, bati lilelile, majaruba ya mpunga nyuma ya zote mbili. Moja ipo kwenye mtaa, nyingine kijijini, na tofauti yake ni karibu laki tatu. Kelele zilikuwa nyingi hadi bungeni kukazoeleka kusema "mitaa yenye sura ya kijiji". Msemo huo ni ushahidi tosha kwamba jina lilitangulia, mji wenyewe ukabaki njiani.

Umeme ni sehemu ndogo. Kubwa ni ardhi. Kwa sheria za mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mgeni akitaka eneo, mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Kijiji kikigeuzwa mtaa, sauti hiyo inahamia halmashauri ya mji. Mwenyekiti wa mtaa anabaki na mhuri wa kukuandikia barua ya utambulisho. Kwa bonde la Kilombero, ambako wakulima, wafugaji na wenye mitaji wote wanalitolea macho shamba lilelile la mpunga, hilo si jambo la kupitisha kimyakimya.

Nawajua wenzangu hapa sokoni wanaoitamani siku ya kuitwa mji. Wanasema tukiwa mji tutapimiwa viwanja, tutapata mitaro, soko litaezekwa, na benki zitatufuata. Sibishani nao: Malinyi ni makao makuu ya wilaya, watu wanaongezeka, na nyumba zikiachwa ziote kama uyoga, barabara za ndani tutazikosa milele. Kupimwa nakutaka. Lakini kupima viwanja hakuhitaji kubadili jina kwanza. Kijiji pia kinaweza kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi. Na jina peke yake halijawahi kumwaga lami. Masika yakikolea, lori langu la mchele hukwama vilevile hata likiwa kwenye eneo lenye hadhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopandisha hadhi, wa wilayani hadi wizarani, ni hili. Kabla ya kukiita kijiji mji, njooni kwenye mkutano mkuu wa kijiji na karatasi tatu: bei za huduma zitakazobadilika, ardhi itakayotoka mikononi mwa kijiji, na kazi zitakazofanywa zikiwa na bajeti na mwaka wake. Tukishazisoma, tupige kura. Tukikubali, basi tutalipa bei ya mjini, kwa kuwa tutakuwa tumeinunua wenyewe.