Ujanja wa Hatua Nne Unatuharibia Watoto

Watu wangu wa Kataboi, Lodwar mpaka Kakuma, hii kitu lazima niseme: kama unamfundisha mtoto chesi, usianze na ule ujanja wa kushinda kwa hatua nne. Anza na Mwanzo wa Kiitaliano.

Najua kwa nini ujanja unapendwa. Malkia anatoka mbio, askofu yuko nyuma yake, askari aliye kando ya mfalme analiwa, mchezo umeisha. Mtoto anaruka kwa furaha. Sasa mpeleke acheze na mtu anayeujua. Huyo anasogeza askari mmoja tu, malkia anafukuzwa. Anatoa farasi, njia imefungwa. Mpinzani ana farasi wawili uwanjani, mtoto wako ana malkia anayetangatanga na hajui afanye nini tena. Akipigwa hivyo mara tatu, anaamini hana akili ya chesi. Kumbe ni sisi tulimpa silaha ya risasi moja.

Mwanzo wa Kiitaliano ni wa zamani sana. Gioachino Greco, mchezaji wa Italia, aliuchambua kwenye madaftari yake karne ya 17, na mabingwa wa leo bado wanaucheza. Hatua zenyewe ni tatu:

Askari wa mbele ya mfalme anaenda nyumba mbili. Anashika katikati na kumfungulia askofu njia.

Farasi wa upande wa mfalme anatoka, anatishia askari wa mpinzani aliye katikati.

Askofu anatoka, anatazama yule askari anayelindwa na mfalme peke yake.

Umeona? Shabaha ni ile ile ya ujanja, ila sasa unaikaribia ukiwa na kikosi. Na nafasi kati ya mfalme na ngome iko wazi, kwa hivyo hatua ya nne mfalme anaweza kujificha pembeni. Kila hatua ina sababu, na hata mtoto wa darasa la pili anaielewa. Hapa ziwani, mvuvi hatupi nyavu kabla boti haijaingia majini.

Kuna wale watasema mtoto anahitaji kushinda haraka ndio apende mchezo. Sawa, lakini mtoto hupenda zaidi kitu anachokielewa.

Na msiniambie chesi ni ya Nairobi. Mwaka 2021, FIDE, shirikisho la chesi duniani, pamoja na UNHCR, walianza kufundisha wasichana wakimbizi chesi hapo Kakuma. Huna bodi? Chora nyumba 64 kwenye boksi, andika majina ya kete juu ya vizibo vya soda.

Halafu kabla mtoto hajagusa kizibo, muulize: hii ukiitoa, itafanya kazi gani? Akikujibu vizuri, huyo ameanza kucheza chesi.